Oscar: nani hasa huipeleka filamu yetu?
Barazani Mji wa Kale, kahawa chungu mkononi, wengi husema filamu zetu hazifiki Oscar, tuzo kubwa za filamu za Marekani, kwa sababu Wamarekani hawazitazami. Si ajabu kudhani hivyo. Ila katika kipengele cha filamu ya kimataifa, kwa miaka mingi mlango wa kwanza umekuwa nyumbani: kamati ya kila nchi hupeleka filamu moja tu. Tena zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Filamu ya Kenya iliyojaa Kiingereza, hata iwe tamu vipi, haiingii hapo. (Kiswahili chetu, kumbe, ni mtaji!) Baadaye wapigakura wa Oscar huzichuja filamu hadi 15, kisha 5. Kanuni huwekwa mtandaoni kila mwaka. Tafuta kifungu cha lugha, ujisomee.