Kabla ya kuuliza kama ni Bikira Maria: Kanisa linavyopima maono

Watu wengi hudhani askofu anayechunguza maono huanza kwa kuuliza kama kweli Bikira Maria ametokea. Haanzi hapo. Huanza na anayedai kuona: ni nani, akili yake iko timamu, anasema nini, na fedha zinazoanza kumiminika zinaingia mfukoni mwa nani. Swali la mbinguni huja mwisho, na kwa taratibu za sasa mara nyingi haliamuliwi kabisa.

Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 67, inaeleza kwa nini Kanisa halina haraka. Mafunuo ya binafsi, yaani maono kama haya, hata yale yaliyotambuliwa, si sehemu ya Amana ya Imani, hazina ya imani iliyoachwa na mitume. Hayaongezi kitu juu ya Ufunuo uliokamilika katika Kristo. Yanaweza tu kusaidia kuuishi katika kipindi fulani cha historia. Mkatoliki asiyeamini maono ya Lourdes (Ufaransa) wala ya Fatima (Ureno) hajatenda dhambi ya uzushi.

Kibeho, kusini mwa Rwanda, inaonyesha kazi hii vizuri kuliko maelezo ya jumla. Tarehe 28 Novemba 1981, katika bwalo la chakula la shule ya wasichana, Alphonsine Mumureke alisema amemwona mwanamke aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Januari 1982 akafuata Nathalie Mukamazimpaka, na Machi Marie Claire Mukangango, ambaye hadi wakati huo alikuwa akimdhihaki Alphonsine waziwazi. Mwezi huohuo wa Machi Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare aliunda tume ya madaktari. Ya wanateolojia ikafuata Mei. Mpangilio huo ulikuwa sahihi: hakuna faida ya kuchambua teolojia ya ujumbe kama anayeutoa ni mgonjwa anayehitaji tiba.

Wasichana hao walichomwa sindano na moto wakiwa katika maono ili ionekane kama watashtuka. Wahubiri wengi hupenda sana kusimulia sehemu hii, kana kwamba ndiyo uthibitisho wenyewe. Kwangu ina uzito mdogo. Kutosikia maumivu hutokea hata katika ngoma za kupunga pepo, kwa hiyo kunaonyesha tu kwamba mtu haigizi. Hakusemi kilichomshika ni nini.

Tamko la mwisho, la Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, jimbo ambalo Kibeho ilikuwa chini yake wakati huo, lilitolewa tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka 20 baada ya tukio la kwanza. Katikati hapo, tarehe 15 Agosti 1988, Gahamanyi alikuwa ameruhusu ibada ya hadhara mahali pale bila kuamua lolote juu ya maono yenyewe. Hatua hizo mbili zisichanganywe: kuruhusu watu kusali mahali fulani si kuthibitisha kwamba aliyesema ameona aliona kweli.

Sababu alizotoa Misago ni za kawaida mno kwa mtu anayetafuta miujiza: waonaji watatu walikuwa na afya ya akili, utulivu na unyofu, hapakuwa na wazimu wa kundi, mazungumzo yao yalikuwa na mantiki na yalipatana na Injili, waamini walirudi kwenye sala na toba. Yapo pia maono ya kutisha ya tarehe 15 Agosti 1982, ambayo baadaye yalionekana kuwa ya kinabii kwa yaliyoipata Rwanda. Marie Claire mwenyewe aliuawa mwaka 1994.

Mipaka ya tamko hilo ndiyo inayosahaulika. Linawahusu hao watatu tu, ingawa wengine wengi walidai kuona, wakiwemo waliosema wamemwona Yesu. Pia linaona kwamba yaliyo ya maana yalikuwa yamekwisha kusemwa kufikia mwisho wa 1983. Basi anayekuletea karatasi yenye “ujumbe wa Kibeho”, muulize ni wa nani na wa mwaka gani.

Tangu Pentekoste ya 19 Mei 2024 taratibu zimebadilika. Kanuni za Vatikani za 1978 zilimwachia askofu majibu matatu: imethibitika ni ya kimungu, haijathibitika, au imethibitika si ya kimungu. Tatizo lilijitokeza Amsterdam, Uholanzi. Roma ilikwisha kukataa maono ya huko mwaka 1974, lakini mwaka 2002 askofu wa eneo akayatangaza kuwa ya kimungu, na waamini wakabaki njia panda hadi uamuzi ule wa zamani ulipowekwa hadharani mwaka 2024.

Sasa askofu mahalia huunda tume yenye angalau mwanateolojia mmoja, mwanasheria wa Kanisa mmoja, na mtaalamu mmoja kulingana na aina ya tukio. Sanamu ikidaiwa kutoa damu, huyo awe mtu wa maabara. Maono yakiwa ya mtu, awe daktari wa akili. Mashahidi huhojiwa chini ya kiapo, na wajumbe huapa kutunza siri. Kisha askofu hupeleka taarifa na maoni yake kwenye Idara ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa huko Vatikani, na hatangazi uamuzi kabla ya kujibiwa.

Majibu sasa ni sita. La juu kabisa ni *nihil obstat*: hakuna kizuizi, waamini wako huru kwenda, lakini hakuna aliyesema Bikira ametokea. Medjugorje, huko Bosnia na Herzegovina, ilipata hilo Septemba 2024. Yanayofuata ni ngazi za tahadhari hadi katazo, na la mwisho ni tamko kwamba tukio si la kimungu. Tamko la kwamba ni la kimungu halimo katika orodha. Ni Papa peke yake anayeweza kuliruhusu, tena kwa nadra. Kibeho ingechunguzwa leo, nadhani ingeishia kwenye *nihil obstat*.

Yanayoangusha madai mengi ni yaleyale: kosa la mafundisho, roho ya kimadhehebu, kutafuta faida, madaraka au sifa, matendo mabaya yanayoambatana na tukio, na ugonjwa wa akili. Kosa dogo katika ujumbe si lazima liangushe kila kitu, kwa sababu mwonaji anaweza kuongeza yake bila kujua. Kutumia maono kuwatawala watu au kuwanyanyasa ni jambo zito zaidi, na Kanuni mpya zinalitaja peke yake.

Paroko anayeletewa habari ya maono asubuhi ya Jumapili asiitangaze altarini. Aandike tarehe, saa na majina ya waliokuwepo, kila mmoja ahojiwe peke yake kabla hawajasimuliana, kifaa chochote kinachohusika kifungiwe mahali salama, sadaka isikusanywe, ujumbe usisambazwe kwenye makundi ya simu, na barua ifike kwa askofu wiki hiyohiyo.