Formula 1 hawasimami kujaza mafuta

Jumapili, kwenye banda la kuonyeshea mechi hapa Mwanga, Kigoma, kijana mmoja alisema magari ya mbio za Formula 1 huingia pembeni kujaza mafuta. Wengi wakaafiki. Sivyo, ndugu zangu. Kujaza mafuta katikati ya mbio kumepigwa marufuku tangu 2010. Gari huanza na mafuta ya kufika mwisho. Kinachobadilishwa ni matairi: nati moja tu kila gurudumu, sekunde mbili tatu, gari limeondoka.

Mafuta yale yalikuwa hatari kweli. Mwaka 1994, Hockenheim, Ujerumani, yalimwagikia gari la dereva Jos Verstappen, likalipuka moto, yeye na mafundi wakaungua. Leo mafundi huvaa kofia ngumu, na mwendo wa gari likiingia pale pembeni hauzidi kilomita 80 kwa saa.