Hifadhi Haiishii Kwenye Bikoni

Jike la chura wa Kihansi mwenye mimba akiinuliwa kwenye mwanga, watoto huonekana tumboni kupitia ngozi yake. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto walio kamili, wadogo kuliko punje ya mchele. Yeye mwenyewe hafiki sentimita tatu. Makazi yake yote ya asili duniani ni hekta chache tu za majani mabichi chini ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika safu ya milima ya Udzungwa, Tanzania.

Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa tayari umeanza. Ikaja kubainika kwamba chura huyu anaishi kwa manyunyu. Maji yalipiga miamba na kurusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi, hivyo majani yale hayakukauka kamwe. Mwaka 2000 mto ulipoelekezwa kwenye handaki linalopeleka maji kwenye mitambo, maporomoko yalipoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yake. Hakuna aliyekata mti pale wala kutega mtego. Hata kama korongo lote lingezungushiwa uzio na kupewa askari wa doria, majani yangekauka vilevile.

Yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio, maji yakishuka yenyewe kwa mteremko, ili kuiga yale manyunyu. Kwa muda yalisaidia na idadi ikapanda. Kisha, mwaka 2003, vyura wakapukutika ghafla. Waliokutwa wamekufa walikuwa na kuvu wa ngozi, ugonjwa ulioangamiza vyura katika nchi nyingi. Chura hunywa na hata kupumua kupitia ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika hana pa kukimbilia. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilimtangaza kuwa ametoweka porini.

Kilichomwokoa ni vyura wapatao 500 waliopelekwa Marekani kabla ya hapo na kuzalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi wakaachiwa tena korongoni. Ni kazi ya kupigiwa saluti, ila tusijidanganye: makazi yale bado yanategemea bomba. Sisemi bwawa halikupaswa kujengwa. Megawati 180 si kitu cha kubeza. Ninachosema ni kwamba swali la maji lilipaswa kuulizwa kabla ya handaki kuchimbwa, na lilipokuja kuulizwa, jibu lilikuwa ghali.

Ruaha inatuonyesha jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako uwindaji na kilimo ni marufuku. Viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki, maji yakageuka tope na kinyesi. Chanzo cha tatizo kiko juu, kwenye mashamba ya umwagiliaji na mifugo katika bonde la Usangu. Mwaka 2008 mpaka wa hifadhi ulisogezwa ukalimeza eneo oevu la Usangu. Kisayansi uamuzi ule ulielekea panapostahili, kwenye chanzo cha maji, ingawa kwa wakulima na wafugaji waliotakiwa kuhama ulikuwa mchungu. Wala mashamba ya juu zaidi hayakukoma kuchota.

Shoroba, yaani njia wanazopita wanyama kutoka eneo moja hadi jingine, nazo zina hesabu hiyohiyo. Tembo na nyumbu wengi wa Hifadhi ya Tarangire hawaishi humo mwaka mzima. Mvua zikianza hutoka kufuata malisho kwenye ardhi za vijiji. Ukizifunga njia hizo kwa mashamba na nyumba, hifadhi inabaki kisiwa, na kundi dogo lililofungiwa kisiwani huishia kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Desemba 2022 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Lengo zuri, lakini mimi hekta hazinilevyi. Naomba kwanza kuonyeshwa maji ya eneo hilo yanatoka wapi, na nani anayachota huko juu.

Mwananchi naye ana nafasi ya kuuliza. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, miradi mikubwa hufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na wananchi wanaoguswa wana haki ya kutoa maoni. Mkutano ukiitishwa kijijini kwenu, nendeni. Ulizeni mto utabaki na maji kiasi gani mwezi wa Oktoba, kiangazi kikiwa kikali, si wastani wa mwaka. Ulizeni nani atakayeyapima, na takwimu zitabandikwa wapi. Jibu likiwa la mdomo tu, ombeni liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.