Je, wajua kwa nini wasichana huwapita wavulana tatizo likitatuliwa kwa pamoja?

Mwaka 2012 mtihani wa kimataifa wa PISA, unaopima wanafunzi wa miaka 15, ulikuwa na sehemu ya kutatua matatizo, kila mtu peke yake. Kwa wastani wa nchi za OECD, yaani shirika la nchi nyingi zilizoendelea linaloandaa mtihani huo, wavulana waliwazidi wasichana kwa alama 7. Mwaka 2015 mtihani ukabadilika: safari hii tatizo lilitatuliwa kwa ushirikiano. Nchi na maeneo 52 yalishiriki, na wasichana wakaongoza kila mahali, tena kwa wastani wa alama 29 katika nchi za OECD.

Kulibadilika nini? Tuutazame mtihani wenyewe. Mwanafunzi alikaa mbele ya kompyuta akachati na wenzake, ambao kwa kweli walikuwa programu tu. Katika zoezi moja wenzake waliitwa Alice na Zach, na wote watatu walitakiwa kujibu maswali kuhusu nchi ya kubuni iitwayo Xandar: jiografia yake, watu wake na uchumi wake. Kazi haijaanza vizuri, hao wawili wanavutana nani achukue mada ipi. Mwanafunzi anachagua ujumbe wa kutuma kati ya kadhaa alizopewa. Hapo hapimwi anaijua Xandar kiasi gani. Anapimwa kama ataweza kuwapatanisha ili kazi isonge.

Wapo watakaosema wasichana walibebwa na kusoma, maana kuchati ni kusoma, na wasichana husoma vizuri zaidi. Hoja ina uzito, lakini haitoshi. Walipolinganishwa wavulana na wasichana wenye alama sawa katika kusoma, hisabati na sayansi, pengo lilishuka kidogo tu, kutoka alama 29 hadi 25.

Kwangu mimi, jibu zito zaidi liko kwenye maswali ya mtazamo, ambayo wanafunzi hao waliulizwa kuhusu kazi ya kikundi. Wasichana wengi zaidi walisema wao ni wasikilizaji wazuri na hufurahi kuona wenzao wakifaulu. Wavulana wengi zaidi walisema timu huamua vizuri kuliko mtu mmoja, na kwamba huwaongezea ufanisi. Yaani wavulana hawachukii kazi ya kikundi hata kidogo. Wanaipendea faida yake, wakati wasichana wanawajali zaidi waliomo.

Je, ni maumbile? Nasita sana. Finland, Sweden, Latvia, Australia na New Zealand pengo lilipita alama 40, ilhali Colombia, Costa Rica na Peru halikufika 10. Jambo la kuzaliwa nalo lisingepanda na kushuka hivyo kutoka nchi moja hadi nyingine. Malezi na shule zina mkono wao.

Afrika iliwakilishwa na Tunisia peke yake, kwa hiyo tusiwabandike watoto wa Kisumu au Morogoro takwimu hizi. Lakini mtaala wa umilisi wa Kenya unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa msingi, na hapo ndipo swali linatugusa. Wape wanafunzi watano karatasi moja, kisha uangalie: mmoja anaishika kalamu mpaka kengele, mwingine anamgeukia aliyenyamaza na kumuuliza, “Wewe umepata ngapi?” Karatasi ikikusanywa, tunasahihisha jibu. Lile swali halipewi alama.