Wakili wa biashara na hakimiliki: yasemwayo barazani Lamu na Malindi

Dhana: jina nimelisajili eCitizen, ni langu.

Hii ndiyo inayogharimu watu zaidi. Cheti cha jina la biashara huonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina hilo. Nguvu ya kumzuia mwingine hutokana na alama ya biashara iliyosajiliwa KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya; alama hiyo hudumu miaka 10 na huhuishwa kila miaka 10. Usajili hufuata madaraja ya bidhaa na huduma, 45 kwa jumla. Muuza halua wa Lamu aliyesajili daraja la 30, la vyakula kama halua, kisha akafungua nyumba ya wageni kwa jina lilelile, aombe na la 43, la malazi. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60.

Asiyesajili hawezi kushtaki kwa kuingiliwa alama. Limebaki dai la kujipitisha kwa jina la mwenziwe (passing off), nalo ni zito: mdai athibitishe kwamba jina lake lilikuwa na sifa, wateja walipotoshwa, na hasara ikapatikana. Risiti za zamani na picha za ubao zenye tarehe ndizo silaha hapo.

Dhana: mchongaji ndiye mwenye hakimiliki ya mlango.

Si lazima, na mafundi wengi hushtuka wakiambiwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa kazini, huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa wameafikiana vinginevyo. Basi hoteli ikiagiza nakshi mpya, mkataba uandikwe kabla patasi haijagusa mbao. Nakshi za jadi ni mambo mengine: Sheria ya mwaka 2016 ya maarifa ya jadi huzilinda kwa niaba ya jamii. Hakimiliki yenyewe haihitaji usajili, lakini cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hurahisisha ushahidi.

Dhana: wakili wa kesi ni msemaji hodari.

Sauti husaidia kidogo. Kazi kubwa iko kwenye karatasi, na hapo ndipo kesi hupotea. Amri ya zuio, ya kumsimamisha mtu asiendelee na jambo, hupimwa kwa vigezo 3 vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, ya 1973: dai lenye mwelekeo wa kushinda, madhara yasiyofidika kwa pesa, na mahakama ikiwa na shaka, mizani ya usumbufu, yaani nani ataumia zaidi. Mteja aliyekaa kimya miaka 2 ni vigumu kuongelea madhara yasiyofidika. Picha za skrini za WhatsApp nazo zikikosa cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, upande wa pili utazipinga. Utetezi huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya mdaiwa kujitokeza rasmi kwenye kesi. Akichelewa, mdai aweza kuomba hukumu bila kumsikiliza.

Dhana: kazi hii ni ya Nairobi tu.

Kesi ya alama ya biashara husikizwa na Mahakama Kuu, na Malindi inayo. Kijana wa Shela, Lamu, anayeitaka kazi hii huhitaji shahada ya sheria ya miaka 4, mafunzo ya uwakili Kenya School of Law, na miezi 6 chini ya wakili. Katika miezi hiyo aombe kuandika hati za viapo, asiridhike kubeba mafaili.