Riwaya yako haina nafsi zote tatu

Mswada mwingine umenifikia wiki hii, na barua ya mwandishi inasema: "Nimetumia nafsi zote tatu." Imani hii najua inakotoka. Miongozo ya uhakiki wanayonunua wanafunzi, ikifika kwenye mtindo, hunukuu "mimi" na "wewe" kutoka kwenye mazungumzo, ikaokota "yeye" popote pale, kisha ikatangaza kuwa mwandishi ametumia nafsi zote. Kwa hesabu hiyo, kila riwaya yenye watu wawili wanaoongea inazo zote tatu, na mwanafunzi hajajifunza kitu.

Yaliyo ndani ya alama za usemi ni ya mhusika. Konda akifoka, "Mimi sina chenji, wewe shuka!", huyo "mimi" ni konda. Anayetuambia kwamba konda amefoka ndiye msimulizi, na ndiye wa kuulizwa yuko nafsi gani. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) anasimulia Kazimoto mwenyewe. Hiyo ni nafsi ya kwanza, hata ukurasa mzima ujae "wewe".

Nafsi ya kwanza siikalii sana. Msimulizi wake anajua aliyoyaona na aliyoambiwa tu, na anaweza kutudanganya.

Nafsi ya tatu ndiyo inayowaangusha watu, maana wanadhani ukishasema "yeye" umeshajua yote. Mwaka 1972 mhakiki Mfaransa Gérard Genette alitenganisha maswali mawili: nani anasema, na nani anaona. La pili Kiswahili hulijibu kwa vitenzi vya kila siku. Chukua mswada wenyewe: Rehema yuko Magogoni anasubiri pantoni. Ukiandika "Juma akaja amechelewa", tumesimama na Rehema. Ukiandika "Juma akaenda Magogoni, akamkuta Rehema amenuna", tumefuatana na Juma. Zote ni nafsi ya tatu! "Huyu" na "yule", "hapa" na "pale" hufanya kazi hiyohiyo. Sasa, katika mswada huu Juma anakuja, mara tumo moyoni mwake, mara tumerudi moyoni mwa Rehema, yote katika aya moja. Msimulizi maizi, yaani ajuaye yote, anaruhusiwa kuingia mioyo yote, lakini tumjue hivyo mapema. Msimulizi wa mswada huu alikuwa ameambatana na Rehema peke yake kwa sura nne.

Ninapopata shaka ni kwenye ngano. Mtambaji akisema "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!", husimulia kwa nafsi ya tatu, lakini hutuuliza, hutukemea, na Fisi humtoka kinywani bila "akasema". Vitabu vya kiada humhesabu kuwa maizi, basi. Mimi hainitoshi, kwa sababu mtambaji ana mwili, yuko mbele yetu, na anabadilika kuwa kila mhusika tukimtazama. Waandishi wetu wengi wamekulia kwenye masimulizi hayo, na huenda kurukaruka kwao kati ya mioyo ya wahusika kunatoka huko. Msimulizi akijitokeza kama mtambaji tangu ukurasa wa kwanza, aya kama ile ya Magogoni naipitisha bila kuigusa.