Hereni za shanga kwenye pawau: mgeni anaruhusiwa kununua

Wengi wanadhani mgeni akinunua hereni za shanga kwenye pawau, ngoma ya Wenyeji wa Asili wa Marekani ambayo majira ya baridi huchezwa ukumbini, anawaibia utamaduni wao. Si kweli. Vilivyopangwa mezani vimetengenezwa viuzwe, na fedha hiyo ni riziki ya fundi aliyeshona shanga moja moja. Wizi hasa ni bidhaa za viwandani zinazouzwa kwa jina la Wenyeji hao. Sheria ya Marekani ya 1990 inauhesabu udanganyifu huo kuwa jinai, kifungo hadi miaka 5. Basi muulize muuzaji nani amezitengeneza hereni hizo, na fundi huyo ni wa kabila gani. Manyoya ya tai ndiyo hayauzwi kisheria, hata na Wenyeji wenyewe. Na vazi la mchezaji usiliguse bila ruhusa.